Ndizi, Kasia, Shati

Tonton, mjomba wangu, alikuwa na sentensi moja aliyoipenda kuliko alivyompenda mke wake: "Mu nyumba hii, hakuna mutu alishashindwa mtihani." Aliisema akila, aliisema akinyoa ndevu, aliwaambia hata majirani waliokuja tu kuazima nyundo. Ilikuwa uongo mtupu. Yeye mwenyewe alipata diploma ya serikali mara ya tatu, na mama yangu, ambaye ni mdogo wake, husema hata hiyo mara ya tatu alihurumiwa. Lakini tonton alifanya kazi kwenye ofisi ya komini, serikali ya mtaa wetu, na alikuwa na muhuri wake mwenyewe, na huko kwetu mtu mwenye muhuri haambiwi kwamba anasema uongo.

Aliyeipa sentensi ile uzito alikuwa koko. Koko ndivyo tunavyomwita babu au bibi hapa Kisangani, na huyu wangu alikuwa baba wa mama yangu na wa tonton. Alizaliwa katika familia ya wavuvi upande wa Yanonge, akapanda mto akiwa kijana, akafundisha darasa la sita la shule ya msingi mpaka nywele zake zote zikawa nyeupe. Nusu ya watu wenye suti katika mji huu walipita mikononi mwake, na ukiangalia walivyokuja kuwa, wengi wao wangepaswa kumwomba radhi. Sheria yake ilijulikana kuliko jina lake. Mwanafunzi akiulizwa swali na mwenzake akamnong'oneza jibu, koko aligonga meza kwa rula: "Ule nimeuliza njo anajibu! Bengine, kinywa!" Kisha aliyenong'oneza alinyoosha kiganja. Mpaka leo nawaona wanaume wenye vitambi wakikutana sokoni, mmoja anamwambia mwenzake "Bengine, kinywa!" na wote wawili wanacheka huku wakisugua viganja.

Mimi nililetwa kwake nikiwa na miaka kumi na miwili. Mama alikuwa Banalia na biashara yake ya mchele na samaki wa kukaushwa, na shule za huko hakuziamini. Katika kiwanja chetu, parcelle kama tunavyoita, nyumba ya mbele ilikuwa ya tonton na mkewe, tantine. Ya nyuma, vyumba viwili na baraza ya mabati, ilikuwa ya koko. Mke wa koko alipofariki, mimi ndiye niliyebaki kumpondea lituma yake, zile ndizi za kupondwa alizozipenda, kwa sababu tantine alikuwa na mgongo. Mgongo wa tantine ulimuuma palipokuwa na kazi tu. Harusini ulipona kabisa.

Koko alianza kusahau kidogo kidogo, na sisi tukaanza kusema uongo kidogo kidogo. Aliomba chai akiwa ameshika kikombe cha chai. Aliniita kwa jina la mama yangu, kisha kwa jina la mtu ambaye hatukumjua. Tonton alisema ni fatigi, uchovu tu. Katika familia yetu kila ugonjwa huitwa fatigi mpaka siku ya mazishi, na siku ya mazishi huanza kutafutwa jirani aliyeroga.

Kisha ikaja asubuhi ya chaki. Koko aliamka, akavaa suruali yake yenye mkunjo, akang'arisha viatu, akaenda mpaka shule aliyokuwa akifundisha. Aliingia darasa la sita bila kubisha hodi, akamnyang'anya mwalimu chaki, akaandika ubaoni tarehe ya zamani sana, akaanza kukagua kucha za watoto. Watoto walicheka. Mwalimu yule, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, aliwanyamazisha, akakaa dawati la nyuma, akamwacha koko afundishe saa nzima. Baadaye alimleta nyumbani kwa baiskeli ya toleka, zile zinazobeba abiria, yeye mwenyewe akitembea kando kwa miguu akimshika bega. Katika habari hii yote huyo ndiye mtu mzima pekee ambaye simdharau.

"Mwalimu iko mugonjwa," alimwambia tonton.

"Mwalimu iko na fatigi," tonton akajibu, akafunga mlango.

Suluhisho la tonton lilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mwaka wa nne wa sekondari, na nilikuwa nafanya vizuri, bora kuliko watoto wake wawili ukiwajumlisha. Alinikalisha, akaniambia nitasimama shule kwa mwezi mmoja tu, nimlinde koko asitoke tena kutuaibisha. Watoto wake hawakuweza kusimama kwa sababu wao, alisema, walikuwa na maisha ya mbele.

Mwezi ule haukuisha. Nilikaa kwenye geti kuanzia asubuhi mpaka jioni, nikiwa nimefunga kufuli na ufunguo shingoni. Koko alikuja kila baada ya dakika chache kuniambia kengele imelia na anachelewa. Alinisihi. Mara nyingine alilia, mtu mzima, na mimi nikaangalia pembeni. Wenzangu walipita na sare zao wakanisalimia kwa furaha mwanzoni, kisha kwa haraka, kisha wakabadilisha njia. Nikaacha kusuka nywele, nikaacha kula ila nilipolazimishwa, na usingizi ukanikimbia. Tantine aliona nimekonda akasema nimeanza kuwa na umbo la kimodeli. Huo ndio uchunguzi wote wa afya niliofanyiwa na familia yangu.

Nitasema wazi, kwa sababu kuficha ndiko kulikotufikisha hapo: nilitaka kufa. Hata hivyo si kama watu wa redio wanavyosimulia, kwa machozi na barua. Nilikuwa nimechoka tu, na kufa kulionekana kwangu mahali ambapo hakuna geti la kulinda.

Jumapili moja baada ya misa likatolewa tangazo. Kulikuwa na utafiti mjini. Wachunguzi wangepita nyumba kwa nyumba na tableti, wakiwauliza wazee ili wajue nani anapoteza kumbukumbu, na wakiwauliza vijana ili wajue nani amebeba moyo mzito. Walitaka kujua pia kama mambo hayo mawili hupenda kukaa nyumba moja. Nilicheka peke yangu kanisani. Wangeweza kuokoa mafuta yote ya pikipiki kwa kuja kuniuliza mimi pale kwenye geti.

Lakini sehemu ya mwisho ya tangazo niliisikiliza bila kucheka. Mzee atakayeonekana ana ugonjwa wa kusahau atafuatwa na daktari, na asubuhi tatu kila wiki atapokelewa katika ukumbi wa parokia pamoja na wazee wenzake, akiangaliwa na akina mama waliofunzwa. Shule kwetu ni asubuhi sita kwa wiki. Nilipiga hesabu nikiwa bado nimeketi kwenye benchi: asubuhi tatu ni nusu ya shule, na nusu ya shule ingetosha. Koko alihitaji kushindwa tu. Na kushindwa, maskini, ndicho kitu pekee alichokuwa bado anakiweza bila msaada.

Sikumhesabu tonton.

Wachunguzi walianza na mtaa wa juu. Mzee wa kwanza aliulizwa asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana binti yake alikuwa ameshawaambia majirani maswali yote. Jioni maswali yalikuwa yanatembea kwenye telefoni za mtaa mzima, pamoja na majibu, kama kila mwaka kwenye mitihani ya serikali. Hakuna aliyeona ajabu. Karatasi ikiwa na maswali, kwetu ni mtihani, na mtihani ukiwepo lazima maswali yavuje. Familia zilizokuwa hazijawahi kumkumbuka mzee wao zilianza kumfundisha. Ukipita njiani ulisikia kutoka kila baraza sauti za wazee wakihesabu kurudi nyuma.

Tonton aliyachapisha maswali ofisini, akaniletea katika bahasha iliyopigwa muhuri. Muhuri ulikuwa wa nini, sijui mpaka leo.

"Siku tisa," akasema. "Utamufundisha papa. Weye njo uko na akili ya shule."

"Tonton, lakini ni bale banashindwa njo banasaidiwa."

"Banasaidia bajinga. Papa yangu haiko mujinga. Unataka batu baseme nini? Kama mwalimu muzima anashindwa maswali ya batoto?"

"Ni ugonjwa, tonton."

"Bon. Kama ni ugonjwa, umufundishe mpaka apone."

Alisema hivyo, mtu mwenye diploma.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kumfundisha majibu ya uongo, au kumwacha acheze siku tisa na mende. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliogopa tonton, na ni kweli niliogopa. Lakini kuna kingine. Nilikuwa nimekaa kwenye geti miezi kadhaa bila mtu kuniambia nina akili, na yule mjinga aliniambia nina akili ya shule, na mimi nikafurahi. Sijui nimdharau nani zaidi hapo.

Basi nilimfundisha. Nilitumia njia zake mwenyewe, kwa kuwa nyingine sikuzijua: kengele, daftari, kurudia kwa sauti, rula juu ya meza. Siku ya kwanza nilipogonga meza, koko alisimama wima, akakunja mikono kifuani, akasema, "Bonjour, Madame." Ndivyo watoto wa msingi wanavyomsalimu mwalimu wa kike. Tangu hapo nikawa Madame. Aliomba ruhusa kwenda chooni. Aliniletea daftari lake kwa mikono miwili.

Maswali yenyewe yalikuwa ya kudharauliwa tu. Tuko majira gani? Hapa kwetu mvua hunyesha, kisha hunyesha kidogo, kisha hunyesha tena, lakini mtu fulani katika nchi yenye theluji alitaka kujua majira. Mtaa ulipiga kura kwamba jibu ni majira ya mvua. Tuko ghorofa ya ngapi? Tulikuwa juu ya sakafu ya simenti iliyopasuka, na chini yake ni udongo. Mtaa ulikubaliana: ghorofa ya chini. Kisha tarehe. Tulijua timu itafika kwetu Jumanne, kwa hiyo nilimkaririsha tarehe ya Jumanne ile, siku ile, mwezi ule, mwaka ule, mpaka ikamkaa ulimini. Swali jingine lilikuwa kuchora saa, na hilo halikuhitaji mafunzo. Alikuwa amechora saa ubaoni maisha yake yote, na aliichora kwa mkono mmoja, duara safi, namba zote mahali pake.

Kilichokuwa kigumu ni maneno matatu. Mchunguzi angeyataja, angeuliza mambo mengine, kisha angerudi kuyauliza. Ndizi, kasia, shati. Siku nne hayakukaa. Aliyashika kwa pumzi moja, akayaachia. Nilimpigisha makofi kwa kila neno, nikamwimbisha, nikamweka ndizi na shati mezani, na kasia nikamchorea. Siku ya tano, akiwa anakula, aliinua kichwa akasema, "Ndizi, kasia, shati." Niliruka juu kwa furaha. Ndiyo, niliruka. Nilimkumbatia yule mzee, naye akashtuka, kwa sababu Madame hakumbatii wanafunzi.

Maneno yale hayakumtoka tena. Miaka miwili mbele, alipokuwa hajui tena kijiko ni cha nini, bado alikuwa nayo. Amezikwa nayo.

Jumanne alikuja kijana mmoja mwenye tableti, amejipulizia pafyumu ya kutosha familia nzima. Tulikaa barazani. Tonton alivaa tai nyumbani kwake mwenyewe. Koko alijibu kila kitu. Siku, mwezi, mwaka, majira, ghorofa ya chini. Saa aliichora hata kijana akapiga filimbi. Na maneno matatu yalipoulizwa, koko alisimama, akakunja mikono, akayasema kwa sauti ya darasa zima.

"Muzee iko na akili kunipita," kijana akasema.

Tonton alicheka mpaka tai ikapinda. Mimi nilikaa pembeni, na asubuhi zangu tatu zikaondoka kwenye baraza ile, nami ndiye niliyezifungulia mlango.

Kisha kijana akaniona. Alikuwa na fomu nyingine ya vijana, akauliza miaka yangu, akasema kwa kufuata utaratibu kwamba kijana huulizwa peke yake.

"Peke yake na mwanaume?" tonton akasema. "Mu parcelle yangu?"

Kijana akaona aibu, akakubali tonton abaki. Leo mimi mwenyewe ndiye ninayebeba tableti katika nyumba za watu, na tonton wa namna hiyo hukutana nao kila wiki. Nawatoa nje. Wakitaja heshima, nawaambia heshima itawasubiri kwenye geti. Lakini yule kijana alikuwa na nyumba nyingine tano za kumaliza kabla ya mvua.

"Unalala muzuri?"

"Analala," tonton akasema. "Mpaka saa ya kuamushwa."

"Unakula muzuri?"

"Anakula. Uone sahani."

"Uko na barafiki?"

"Mingi. Geti yote inajaa."

Maswali ishirini na kitu. Kijana aligusa kioo kwa kidole, shida hapana, shida hapana, shida hapana, akasonga mbele. Kwenye swali moja tu alisita, akashusha sauti, akaniangalia mimi. "Umeshafikiri kama ingekuwa afazali usikuwe muzima?" Tantine aliyekuwa amesimama mlangoni alicheka, eti maswali gani haya ya kumuuliza mtoto. Tonton alikuwa bado anatafuta jibu la kuchekesha. Hilo moja nililijibu mwenyewe. Nilisema hapana, nikasikia sauti yangu imetoka vizuri, tamu, kama ya mwanafunzi aliyekariri.

Jioni ile tonton alifungua chupa. "Bamefaulu bote babili!" aliwaambia majirani. Na kweli tulifaulu wote wawili. Koko hakuandikwa kwenye orodha ya daktari, mimi sikuandikwa kwenye orodha yoyote, na asubuhi iliyofuata nilikuwa kwenye geti na ufunguo shingoni.

Mwaka uliofuata ulikuwa Jumanne kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukimwuliza koko leo ni siku gani, alikutajia Jumanne ile na tarehe ile, bila kukosea, kila siku. Tantine alimleta hata padre ashuhudie. "Uone, papa iko na kichwa yake yote." Padre, mtu mwenye haraka, alikubali. Koko alikuwa haijui tena njia ya chooni, alikuwa anamwita tonton "Monsieur" na kumwuliza kama amekuja kumwandikisha mtoto, lakini tarehe alikuwa nayo, kwa hiyo alikuwa mzima. Wazee wa mtaa wa juu, wale ambao familia zao zilikuwa na uvivu wa kufundisha, walionekana asubuhi tatu kila wiki wakipelekwa ukumbini wakiwa wameoga. Niliwaangalia wakipita. Niliwaonea wivu watu wasiojua majina yao.

Watafiti hurudi. Hilo tonton hakulijua, kwa sababu mitihani anayoijua yeye haina mara ya pili isipokuwa umeshindwa. Walirudi baada ya mwaka mmoja bila kutangaza kanisani, pengine walikuwa wameshajifunza. Safari hii kijana wa pafyumu alikuja na mkubwa wake, daktari, mama mfupi mwenye viatu vya mpira vyenye matope, ambaye alikataa soda na kiti chenye kitambaa. Tonton alikuwa nyumbani kwa bahati mbaya yake. Alikimbia kuvaa tai.

Daktari aliketi mbele ya koko barazani. "Muzee, nitakutajia maneno matatu," akaanza.

Koko alisimama. Mikono kifuani. "Ndizi, kasia, shati!"

Daktari alikuwa hajataja neno hata moja. Kisha akataja maneno mengine, ya mwaka huu, polepole. Koko alimsikiliza kwa adabu yote, akasema, "Ndizi, kasia, shati." Daktari aliuliza leo ni siku gani. Koko akamtajia Jumanne ya mwaka jana, tarehe na mwezi, akaongeza ghorofa ya chini na majira ya mvua kabla hajaulizwa. Kijana alifungua tableti, akatafuta, akamwonyesha daktari kioo. Walikuwa wanasoma siku ile ile ambayo koko alikuwa anaishi bado.

Daktari aliweka tableti magotini. "Nani alimufundisha?"

"Kumufundisha nini, docteur?" tonton akasema. "Papa iko tu na fatigi kidogo leo."

"Ni miye," nikasema.

Sikupanga kusema. Tonton alinigeukia na macho ya nyumbani, yale ambayo wageni hawaonyeshwi. Daktari hakuniuliza kwa nini. Alichukua tena tableti, akaniuliza kama mimi ndiye kijana wa fomu ile nyingine, akaipekua kwa kidole kutoka juu mpaka chini, muda mrefu.

"Maswali yote," akasema. "Ata moja hauna shida. Mutoto wa miaka kumi na tano, fomu inasema aliacha masomo, na haina ata shida moja." Akautazama ufunguo wangu shingoni. "Na weye, nani alikufundisha?"

Tonton akasogeza kiti mbele. "Docteur, ule mutoto haina neno. Analala muzuri, anakula, iko na barafiki..."

Kofi lilitua mezani hata gilasi ya soda ya kijana ikaanguka. Rula haikuwepo, koko alitumia kiganja. Alikuwa amesimama, shingo imenyooka, na sauti ilitoka mahali ambapo nilidhani hapana tena kitu.

"Ule nimeuliza njo anajibu! Bengine, kinywa!"

Tonton alifunga mdomo. Mwenye muhuri, mwenye tai, mtu wa miaka hamsini na zaidi, alifunga mdomo, na nikaona mkono wake wa kulia ukijikunja wenyewe na kujificha chini ya paja. Koko hakumjua kuwa ni mwanawe. Alimwona tu mtoto mbaya wa dawati la nyuma, na kwa mara ya kwanza mtu mmoja katika kiwanja kile alikuwa amemwona tonton vile alivyo. Nilitamani kumcheka, kicheko nilikuwa nacho tayari, cha mwaka mzima. Kilikuja kama kilio, nikakimeza.

Koko akanigeukia mimi. Hakuniita Madame. "Simama, ujibu," akasema.

Nikasimama. Sijui kwa nini nilikunja mikono kifuani, lakini niliikunja. Daktari alirudi juu kabisa ya fomu, kwenye swali la kwanza, akaliuliza tena akiniangalia mimi peke yangu.

"Unalala muzuri?"

"Hapana," nikasema.

Koko alitikisa kichwa kukubali, kama alivyowafanyia darasa la sita jibu likiwa sahihi. "Très bien," akasema. "Kaa."

Sikukaa, maana maswali yalikuwa yamebaki zaidi ya ishirini.